Sekunde Saba za Mguu wa Kushoto

Nilimwambia nimeanguka mara moja.
Ditrick, kijana wa viungo, akaandika moja,
kisha kalamu ikabaki hewani karibu na namba,
kama mtu anayemwachia mgeni nafasi kwenye benchi.

Mara moja, nikarudia. Msimu wa korosho.
Nilikanyaga bibo bovu mlangoni kwa Hashimu,
nikakaa chini pwaa na beseni langu, wanawake wakacheka:
Somoe kaanza uraka saa tatu asubuhi!
Nikacheka nao.
Kicheko nacho ni mkongojo.

Sakafuni kabandika utepe mwekundu, mita tatu,
na mwisho wake boksi tupu la glavu.
"Inuka bila kushika kiti. Nenda, zunguka boksi, rudi, keti."
Mimi?
Mimi niliyepanda kutoka bondeni na ndoo kichwani
bomba halijafika Newala, baba yake Ditrick hajaota meno,
mikono yote miwili imembeba mtoto,
na maji hayakumwagika hata ya kunawia jicho moja.
Leo natumwa mpaka kwenye boksi.

Nikaenda. Kwenda ni kwepesi.
Kazi ni kugeuka.
Pale kwenye kugeuka miguu ikaanza kushauriana,
hatua moja ikawa nne, ndogondogo, za kuku kwenye tope.
Saa yake ikasema kumi na saba.
Yeye hakusema ni nyingi, hakusema ni chache.

Kisha kisigino mbele ya vidole, kama anayepima kiwanja.
Kisha mguu mmoja, macho kwenye msumari ukutani.
Kisha: "Bibi, fumba macho. Nipo nyuma yako."

Nilipofumba, msumari ukaondoka na ukuta wake.
Nikabaki na nyayo,
na nyayo hazikuwa na habari yoyote.
Sakafu ilikuwa mbali, kama mtu aliye chini ya Shimo la Mungu
unamwita kutoka ukingoni
na huna hakika kama aliyeitika ni yeye.
Nikayumba.
Mikono ya Ditrick ilikuwepo. Haikunishika,
ilikuwa inaningoja.

Ndipo nikasema, macho bado yamefumba:
mara nne.

Bibo.
Kizingiti cha choo, usiku, ndala imeng'oka kamba.
Jikoni, nageukia sufuria (kugeuka tena).
Na ile ya Ramadhani, ambayo siielewi mpaka leo:
nilikuwa nimesimama, halafu nikawa namtazama mjusi darini.
Nililala pale mpaka adhana ya alfajiri.
Nikafunga bila daku. Sikumwambia mtu,
maana anayeanguka huhamishwa.
Binti yangu ana chumba kwa ajili yangu Dar,
ghorofa ya pili, dirisha linatazama dirisha.

Kujikwaa si kuanguka, walituambia.
Sawa. Na kuanguka je?
Hapo wakanyamaza, wakatuachia wenyewe.

Ditrick akafuta moja, akaandika nne.
Hakuguna. Akauliza vidonge vya presha navimeza saa ngapi,
nikiamka nakaa kwanza au nachomoka,
uani kuna taa au kuna Mungu.
Akaiokota ndala yangu, akaikunja,
akaitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.
"Hii," akasema, "ndiyo imekusukuma mara ya pili."

Sasa kila baada ya magharibi nashika meza kwa mkono,
kisha kwa kidole,
kisha kidole nacho kinaaga.
Mjukuu wangu Shadida anahesabu.
Anakimbiza namba, ananitakia mema.
Namwambia: hesabu kama unahesabu hela za watu.

Wa kulia, kumi na moja.
Wa kushoto, jana, saba.
Leo tano,
lakini leo jogoo aliingia ndani, nikacheka.