Safu ya Dragica

Kompyuta ya sebuleni yasema: chupa tatu, rafu ya nne.
Chini ya nyumba nahesabu mbili
na duara la vumbi.

Nilishafuta safu ya alama
(mvinyo si mtihani),
nikaongeza ya ukungu wa vizibo,
ya upepo wa bura ulivyopiga Vipava msimu ule,
na pembeni kabisa, nyembamba: Dragica.
Tarehe. Idadi. Kisingizio.

Dada ana ufunguo tangu enzi za baba.
"Wageni wa Trieste." "Mchuzi ulikauka."
Namjazia mimi, nikicheka peke yangu.

Jana kajaza mwenyewe,
kwa kidole kimoja, bila herufi kubwa:
moja. ya mwaka aliozaliwa matija.
leo angetimiza thelathini

Nikabonyeza hifadhi.
Nikashuka kuleta nyingine.