Kijiko cha Bwenini

Picha ya kwanza ilitoka na ukungu,
nikailaumu Njombe.
Juni hii, saa moja asubuhi, hata mnara wa kanisa huuoni,
sembuse herufi za kijiko.

Ya pili nikailaumu simu.
Ya tatu nikaiona pumzi yangu mwenyewe
ikitoka mdomoni kama mvuke wa birika
na kutua juu ya lenzi.
Nikaifuta kwa pindo la kitenge,
nikarudi nyuma shibiri moja.
Sanga wa studio ya pasipoti, pale stendi ya zamani,
alishanionya: ukikisogelea kitu mno
kinakukimbia. Rudi, kitakuja chenyewe.

Viwiko mezani. Simu imeegemea kopo la majani ya chai.
Nikagusa kioo pale ninapotaka pawe pakali,
na simu, kama mtoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari,
ikachagua chembe ya ugali
iliyokauka ukingoni mwa sahani.
Ilitoka nzuri ajabu, chembe ile:
ufa wake, kivuli chake kifupi.
Nusura niishie hapo.

Halafu kazi ya kuondoa.
Ondoa kalenda ya chama cha wakulima wa viazi.
Ondoa ua la plastiki, mafuta ya mgando, rimoti.
Ondoa na sahani, pamoja na chembe yake.
Kijiko kibaki na mbao tupu ya meza,
wala si katikati, kama mtuhumiwa kizimbani,
bali chini kushoto,
mbele yake nafasi.
Flashi hapana; flashi hukipiga chuma kofi.
Nikafungua dirisha la upande wa miwati,
nikakinga karatasi ya daftari upande wa pili
ili kivuli kilainike.

Nikashika pumzi.

Ndipo herufi zikaja.
Miaka ishirini na miwili nakorogea uji kwa kijiko hiki,
kwa kuwa kina alama yangu, E.M.,
Editha Mgaya, kwa ncha ya bikari,
kidato cha pili, usiku, taa zimezimwa.
Lakini mwanga wa ubavuni hauna haya.
Mistari mitatu ya ile E imechimbwa na mkono mmoja,
mizito, yenye kingo.
Wa nne, ule wa chini,
ni mkwaruzo tu wa mchanga wa kusugulia,
umepita hapo ukaenda zake hadi mwisho wa mpini.

F.
F.M.

Frola Mlowe,
kitanda cha juu, karibu na mlango.
Frola aliyekula makande kwa vidole
muhula mzima, akivipuliza,
tukamwita Koleo.
Jina nililitunga mimi.

Uji umeganda.
Picha ni kali, Sanga ataisifu,
kisha ataniuliza kwa nini nimeacha uwazi mkubwa hivyo
upande wa kulia, kama kiti cha mtu.
Nitamwambia sijui.

Naikuza kwa vidole viwili.
Tumboni mwa kijiko, kichwa chini miguu juu,
kuna mtu mdogo mwenye simu,
bado ameshika pumzi.