Yaliyokataliwa

Udongo wa Zuzu hauji kwa kubembelezwa.
Unaupiga jembe, unakurudishia mkono.
Mama alisema: usishindane nao mchana,
umwagie maji jioni, ufunike magunia,
uuache ulale kama mgeni mwenye kinyongo.
Alfajiri utaukuta umelegea,
tayari kwa mazungumzo.

Tulikanyaga: mimi, dada yangu Sechelela,
na Ndahani wa jirani, aliyelipwa kwa uji,
tukizunguka shimoni, magoti mekundu,
mpaka nyayo zihakikishe hakuna donge,
hakuna mzizi, hakuna kijiwe.
Kijiwe kimoja, alisema Mama,
hulipasua tofali motoni
kama siri tumboni mwa mlevi.

Kibao chetu kilikuwa na vyumba viwili.
Chovya majini. Nyunyiza mchanga.
Bamiza tope kwa nguvu zako zote,
shindilia pembe, pembe ndizo hudanganya,
kwangua juu kwa waya wa breki ya baiskeli,
kimbia, pindua, inua wima, polepole,
usipumue.
Mawili.
Rudi.
Mia nne kabla jua halijakaa utosini,
na upepo wa Dodoma, ule usio na adabu,
ukitukausha na sisi, midomo kwanza.

Na usiguse, alifoka, usiguse bichi!
Bichi halisahau.

Novemba mvua ikaja kabla ya zamu yake.
Haikuwa mvua ya kupandia mtama,
ilikuwa mate tu, dakika kumi,
lakini matofali elfu moja na mia mbili
yalikuwa uwanjani, kifua wazi.
Tulifunika kwa nyasi, kwa magunia,
kwa khanga aliyoivua mabegani.
Mia tatu yakapata ndui.
Usiku huohuo mbuzi wa mzee Mbeleje
wakakata kamba, wakapita juu ya yaliyobaki
kama wanaowahi mnada.

Mama hakulia. Alihesabu.

Tukalipanga tanuri, midomo mitatu upande wa upepo,
yenye ndui na yenye kwato yakaingia pamoja na mazuri,
tukalikandika tope ubavuni hadi kichwani.
Kuni za kukata zilikuwa na kesi ofisini kwa mtendaji,
basi tukachoma kwa pumba za mpunga kutoka Bahi,
magunia sitini, kwa mkopo.
Pumba haziwaki kwa majivuno. Huguguna.
Siku tatu, usiku tatu,
Mama ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akilisikiliza tanuri kama tumbo la mjamzito.
Moshi ulipogeuka kutoka mweupe ukawa hauonekani
akasema: limeiva. Zibeni.

Kisha siku tano za kutofanya lolote,
kazi ngumu kuliko zote.

Fundi Chilongani alikuja na Fuso.
Akagonganisha mawili, yakalia kama kengele ya shule.
Akatabasamu. Akaendelea kuchagua.
Yaliyokaa karibu na moto, meusi, yaliyoyeyuka: kando.
Ya pembeni, yanayomomonyoka kwa kucha: kando.
Haya je? Hili lina kwato, Mama.
Mwenye nyumba anataka uso safi.
Elfu nane yakapanda gari kwenda Mtumba,
na deni la pumba likalipwa, likabaki la daftari.

Mtumba kuna ghorofa sasa.
Huku Zuzu kuna shimo la ukubwa uleule;
Februari bata huogelea humo.

Jiko letu tulilijenga kwa yaliyokataliwa.
Juu ya mlango mbuzi wawili wanapanda ukutani
na hawafiki.
Kushoto kwa mafiga inanyesha mvua ya dakika kumi,
imechomwa, haikauki tena;
Sechelela akisubiri maharage
huingiza ncha za vidole katika matone.

Na kwenye mstari wa tatu kutoka chini
kuna kidole gumba, kimezama mpaka kwenye kucha,
kipana, chenye kovu la jembe
ambalo sisi wengine hatuna.
Mama hakuwahi kulitaja tofali hilo.
Alilijenga mwenyewe,
likitazama ndani.