Maji Meupe

Jumamosi ya tatu ya Juni
niliroweka ovaroli yako kwenye beseni la bluu,
nikatia sabuni ya unga, nikaenda kukoroga uji.
Nikarudi. Maji meupe.

Nderingo, miaka kumi na minne
nimefua kiwanda kizima katika beseni hili.
Maji ya kwanza wino, ya pili chai ya rangi,
ya tatu ndiyo unaanza kukiona kidole chako.
Wanawake wa bombani kwa Mama Kessy
walikuwa wakinifukuza: "Nenda kule chini,
mtu wa matairi, usituchafulie!"
Nami nasogea, najivuna kidogo.
Uchafu ule ulikuwa na tarehe ya mshahara.

Nikainusa kola. Hakuna mpira.
Kuna vumbi, kuna majani makavu,
kuna jua la mtu aliyekaa sana mahali pamoja.

Sikukuuliza.
Jumatatu saa kumi na moja alfajiri,
Unga Limited bado giza,
ukafunga buti zako mafundo mawili mawili,
nikakupa hotpoti ya makande.
Ukasema, "Leo zamu ni ndefu."
Nikasema, "Chukua sweta, Meru imeshusha baridi."
Tukaagana hivyo, waongo wawili wenye adabu.

Jioni hotpoti ikarudi na nusu yake.
"Siku hizi wanatupikia kulekule," ukasema,
ukawamegea Eliamani na Kaanaeli,
nao wakala wakiwasifu wapishi wa kiwandani
kwa makande niliyoyapika mimi.

Mangi amegeuza ukurasa wa daftari.
Kwenye kikoba sijanunua hisa mara mbili.
Shule wanataka rimu ya karatasi.
Mwenye nyumba ana kikohozi chake cha mwisho wa mwezi,
huja kukikohoa mlangoni petu.
Na mke wa Loishiye, asiyejua kwamba sijui,
ameniambia foleni ya ndoo ikisogea:
wamepunguzwa watu sitini,
kiinua mgongo "kinashughulikiwa".
Kiinua mgongo. Jina gani hilo?
Mgongo ninaoulalia ubavuni
umepinda hata usingizini.

Jumamosi iliyofuata sikungoja maji yanisaliti.
Nilikwangua masizi ya sufuria ya maharage,
nikaponda vipande viwili vya mkaa,
nikasugua magotini, kwenye mikono,
na hapo kifuani penye jina lako la uzi mwekundu.
Nikabeba beseni mpaka bombani, nikakamua mbele ya wote.
Meusi ti!
"Ah, mtu wa matairi! Kule chini!"
Nikasogea.
Nikajivuna kidogo, kwa mazoea.

Usiku, watoto wamelala, umeme umekwisha kwenye mita,
mwanga ni wa simu yako yenye kioo kilichopasuka.
Ukaitoa ovaroli kambani, ukainusa.
Ukaketi nayo mapajani
kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa.
Nilikuwa nimeshaandaa maneno, mepesi, ya kukupokea.
Ukainua kidole chako cheusi kwenye mwanga.
"Mama Eliamani," ukasema,
"huu mkaa tunanunua kwa kopo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka
mpaka nikauma pindo la kanga,
nawe ukacheka, mabega yanaruka,
kisha yakaendelea kuruka
na kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Jumatatu saa kumi na moja ukaamka.
Nikakuambia, lala.
"Nilale niwe nani?"
Sikuwa na jibu la hilo, sina mpaka leo.
Nikawasha jiko.
Nikajaza hotpoti kama kawaida, nikaikaza kifuniko,
halafu nikakifungua palepale, mvuke ukatupanda usoni,
nikakushikisha kijiko.
Kula, baba. Kula hapa, nikikuona.