Mkate wa Sitini na Moja

Misa ya usiku imekwisha. Tunatoka kanisani, Tilburg,
baridi inatung'ata masikio kama mdai.
Shangazi Drieka hasimami kusalimu,
hata padri anaambulia kisogo chake:
nyumbani kuna tanuri linawaka,
kuna mikate ya soseji sitini na moja,
na kuna Mzee Nevzat aliyeachiwa ulinzi,
ambaye hawezi, jamani, hawezi
kukaa dakika tatu bila kufungua mlango wa tanuri achungulie.

"Itasinyaa!" Drieka anapiga kelele njia nzima,
viatu vyake vya misa vikiteleza kwenye barafu.
Sisi nyuma tunafuata harufu.

Maana harufu inatangulia, inatupokea kwenye kona ya mtaa wa wafumaji:
chachu, siagi, nyama iliyosagwa,
na kungumanga, ile kungumanga
inayokushika mkono kama mtu anayekujua tangu utotoni.

Kadi ya mapishi ya Bibi iko kwenye droo ya vijiko,
imelowa mafuta hata ukiiinua kwenye taa inaangaza.
Nyama: ya kutosha.
Kungumanga: mpaka pua ikubali.
Chachu: muulize Toos.
Toos alizikwa kabla mimi sijazaliwa.
Basi kila mwaka tunamuuliza Toos kwa kugombana.

Babu Sjef aliubeba mmoja kiwandani kila alfajiri ya majira ya baridi,
umeviringishwa gazetini, ndani ya mfuko wa koti,
kwanza upashe vidole moto, kisha uingie tumboni.
Mtambo wa jirani alisimama kijana mgeni kutoka Anatolia,
masharubu mapya, maneno ya Kiholanzi kumi na mawili.
Krismasi hiyo Babu akamleta nyumbani.

Bibi akampa sahani. Kijana akaweka mkono kifuani, akakataa.
Bibi akavimba: nimepika usiku kucha, mikono yangu ina nini?
Kijana akatazama huku na huku, akakosa neno,
akainuka, akachukua kibubu chetu cha nguruwe kabatini,
akakielekeza kwenye mkate, akatikisa kichwa taratibu,
senti ndani zikatikisika naye.

Wanasema Bibi alicheka mpaka akaketi sakafuni.
Siku ya pili alikuwa kwa muuza nyama ya ng'ombe,
sufuria nyingine, kisu kingine,
na juu ya mikate ile, isipotee kati ya ndugu zake,
akanyunyiza ufuta.

Tangu hapo yenye ufuta ni ya Nevzat.
Tangu hapo sisi sote tunaiiba.

Sasa tumebanana mezani, makoti bado mgongoni.
Fenna, miaka minne, ameuma kabla haujapoa,
analia, ulimi nje, machozi yanafika kidevuni,
na katikati ya kilio ananyoosha mkono: mwingine.
Mjomba Wout anapaka haradali kama anayepaka ukuta chokaa.
Makombo kwenye shali, makombo kwenye ndevu,
makombo kwenye kitabu cha nyimbo ambacho mtu amekibeba kwa kusahau.

Bibi hakuhesabu kwa dazeni. Alihesabu watu na matumbo yao,
kisha akaongeza mmoja.
"Huo wa nani?" tulikuwa tunamuuliza.
"Wa atakayesema ameshiba."

Saa nane kasoro. Sahani kubwa imebaki na mkate mmoja,
na Nevzat, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi,
anajifuta masharubu yaliyokuwa meupe kitambo:
"Mimi nimeshiba."

Tunapiga meza. Drieka anamsogezea sahani,
hamtazami, anajishughulisha na birika.
Ajabu ni kwamba wa mwisho una ufuta. Kila mwaka una ufuta.

Hali. Anaomba gazeti.
Anauviringisha, pembe hii, pembe ile,
anautia katika mfuko wa koti,
na anakwenda zake barabarani
mkono mmoja ndani.