Pamba

Kopo langu ukilitikisa hulia kama kayamba,
kayamba la harusi isiyo yangu.
Kwa hiyo lilitiwa pamba.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, bweni la shule, Pongwe,
mimi kitanda cha juu, Shehoza cha chini.
Saa tatu taa zinazimwa,
nangoja pumzi zao ziwe nzito
ndipo nizungushe kizibo, nusu, nusu tena,
nimeze bila maji.
Kidonge kikikwama, kinakwama kama neno.

Bibi ndiye aliyenifundisha, wala si kwa ubaya.
Bibi Mwanamvua wa Barabara ya Kumi na Tisa,
aliyemzika mama yangu
akawaambia majirani ni mapafu.
Aliikata pamba kwa mkasi wake wa cherehani,
akaishindilia kwa kidole gumba:
"Mjukuu wangu, watu wana masikio."

Wanayo.
Shangazi alisikia.
Kikombe changu cha bati kikapewa msumari wake,
mbali na vikombe vyenzake.
Idi mbili mfululizo pilau yangu ililetwa uani.
Hakunitukana. Alisuuza kijiko mara tatu,
nami nikahesabu.

Sasa nina kumi na tisa, nasuka ringi.
Mji huu una baiskeli kuliko milango, sikosi kazi.
Ringi iliyopinda hainyooki kwa nyundo:
unakaza spoku hii robo, ile unailegeza,
unazungusha, unaisikiliza.

Jumamosi moja ya kila mwezi nafunga kibanda mapema.
Vijana tunakaa kwenye mabenchi nyuma ya kliniki,
tunabishana mpira, tunacheza karata,
na Nesi Semkiwa anaita majibu mmoja mmoja, mlango umefungwa.
"Mhina. Virusi havionekani."
Mara ya kwanza nilidhani vimehama.
Akacheka mpaka miwani ikateleza.
"Vipo, baba. Vimelala. Mlinzi ni wewe.
Usiposinzia, hutamwambukiza utakayempenda."
Utakayempenda.
Nilirudi nalo hilo neno nyumbani
nikiendesha kwa mkono mmoja.

Juzi Shehoza akaja kibandani na tyubu nzima.
Niliizamisha kwenye beseni: povu hata moja.
Akabaki anachezea kengele za wateja.
Mwishowe akasema kuna binti, Chumbageni,
na kwamba wiki ya tatu sasa halali.
"Nikapime ili iweje? Nikikutwa na ngoma, si ndiyo nimekufa?"

Nilifuta grisi, kidole kimoja kimoja.
Nikafungua boksi la spana,
chini ya gundi na viraka,
nikatoa kopo, nikavuta pamba.
Miaka sita; ilikuwa imegeuka rangi ya panya.

"Pamba hutiwa puani mwa maiti, Shehoza.
Mama yangu alitiwa.
Mimi sijafa."
Nikalitikisa kopo
mbele yake, mbele ya muuza mihogo,
mbele ya fundi viatu aliyeacha kugonga.
"Huyu ndiye aliyelala juu yako miaka minne."

Hakusema pole. Angesema, ningemfukuza.
Alilitazama kopo, akanitazama:
"Ulikuwa unameza bila maji?"
"Ndiyo."
"Mwehu wewe. Nilikuwa na chupa ya maji chini ya mto,
usiku wote ule."

Jumatatu tulienda, baiskeli mbili, ya kwake ikilia mnyororo.
Nilingoja nje, kwenye ngazi.
Alitoka amebana kipande cha pamba kidoleni,
cheupe, na tone moja.
Majibu ni yake. Sikuuliza, na wewe usiniulize.
Alisema tu: "Mnyororo wangu huo, utautia oili lini?"

Kopo siku hizi linakaa mezani, karibu na redio,
likisogezwa linalia.
Bibi aliposikia mara ya kwanza alishtuka,
kisha akaenda kuleta maji.
Na Shangazi?
Bado.
Ila jana alisuuza mara mbili.