Chiriku Wawili wa Chipanga

Miaka kumi na mmoja tulibishana, mimi na Ndahani,
yeye dungu la mashariki, mimi la magharibi,
uwele katikati, kombeo mkononi.
Yeye alishikilia: chiriku ni chiriku.
Mnene ni mume, mwembamba ni mke,
"kama sisi tu," na hapo hucheka
akijipapasa kitambi.

Nami nilikataa.
Mnene ana mdomo kama koleo la fundi baiskeli,
rangi yake ya kucha.
Akiibana mbegu, ukitulia, unaisikia ikipasuka.
Huyo haimbi; anauliza swali,
anapandisha sauti mwishoni,
halafu anangoja.
Mwembamba mdomo wake mfupi, wa kuokotea mbegu za nyasi,
na tumbo jeupe
kama aliyelalia unga.
Akianza kuimba hapumui.

"Umewahi kumshika?"
Sijawahi.
"Basi."

Mwezi wa tano kwelea walishuka Bahi
kama moshi wenye njaa.
Tulipiga madebe hadi yakatoboka.
Mtendaji aliandika barua, akagonga muhuri, akaandika tena.
Siku ya tisa, magharibi, ndege ikaja
ikawanyunyizia ndege.
Jina moja, herufi zile zile:
hii ina rubani,
huyu ana makinda.

Asubuhi migunga ilikuwa kimya.
Tulikatazwa kuwala, tulikatazwa hata kuwagusa.
Nilivaa mfuko wa rambo mkononi, nikaingia.
Kwelea, kwelea, midomo myekundu kama pilipili zilizomwagika,
na kati yao, hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake,
niliowatafuta.

Niliwalaza kwenye ungo mbovu. Ndahani akachuchumaa.
Sikusema neno.
Kwa kijiti niliwageuza chali:
tumbo hili jeupe, lile la manjano iliyofifia.
Mdomo kwa mdomo:
wa huyu ungeingia ndani ya wa yule
kama kikombe ndani ya bakuli.
Alitazama mpaka jua likatupata.

"Ni wawili," akasema,
taratibu, kama anayelipa deni
kwa sarafu moja moja.

Tuliwafukia pamoja, ungo juu yao.
Uwele uliobaki tukauvuna, gunia tatu na nusu.
Sikumkumbusha kwamba nilishinda.

Ilipita wiki, pengine mbili.
Jioni, kutoka mgunga wa pembeni,
sauti moja ikauliza,
ikapanda mwishoni,
ikangoja.

"Wa koleo," Ndahani akasema,
bila kugeuka.